Maua Yasiyoomba Maji

Mama mkwe wangu alipozikwa, walinitengea dakika tano za kumsifu, nami nikazikataa. Mchungaji alidhani ni majonzi. Alinishika bega akaniambia Mungu anaelewa, na mtu mwingine akanisogezea leso. Sikuwa na majonzi ya aina hiyo. Nilikuwa nimejaribu mara tatu kuandika maneno ya kusoma, na kila mara kalamu ilinirudisha kwenye mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza katika boma lake, na kila nilichoandika kilikuwa cha kweli na hakikuweza kusomwa mbele ya jeneza. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Basi sitamsema vibaya. Nitasema yaliyotokea, yake na yangu, na yangu ndiyo mabaya zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na diploma ya mambo ya malisho na nyanda kavu, koti moja zuri, na mume niliyemwona kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Lemayian alikuwa karani katika ofisi moja mjini Kajiado. Alilala kwenye chumba cha kupanga ambacho alisema hakiwezi kuweka bibi, kwa hivyo akaniweka kwa mama yake, nje ya Kitengela, mahali ambapo ploti zilikuwa zikizungushiwa waya moja baada ya nyingine na bado ng'ombe walipita katikati kana kwamba waya ni uvumi tu. Watu walimwita mama yake Ngoto Lemayian, yaani mama wa Lemayian. Mimi niliambiwa nimwite Yeyo, neno la mama kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai. Yeye aliniita "msichana". Nilikuwa na jina, Wangari, na alilijua vizuri, maana nilimsikia akilitaja kila alipokuwa akinisema kwa wageni.

Niliwasikia kwa sababu ya ukuta. Nyumba ilikuwa ya mabati, vyumba vitatu, na chumba changu kilitenganishwa na jiko kwa mbao ambazo hazikukutana vizuri. Moshi ulipita, harufu ya kitunguu ilipita, na maneno yalipita. Nikiwa nimelala mchana kwa joto, nilijifunza Kimaa kwa njia hiyo, neno moja moja, na maneno ya kwanza niliyoyashika yalikuwa yale yaliyonihusu. Siku ya tatu tangu nifike niliosha kibuyu chake cha maziwa kwa sabuni. Kwetu chombo huoshwa kwa sabuni. Sikujua kwamba kibuyu kile husafishwa kwa kijinga cha moto, kikasuguliwa ndani mpaka kinukie moshi, na kwamba sabuni ikishaingia haitoki tena. Alikinusa, akakishika mbali na uso wake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akatoka nacho nje na kukipasua juu ya jiwe. Aliporudi, nilikuwa bado nimesimama pale mezani.

"Toka kwa jiko yangu," akasema.

"Yeyo, sikujua."

"Ndiyo unatoka. Mtu hajui anakaa nje kwanza."

Tangu siku hiyo nilipikia kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, kwenye upepo. Na upepo wa Kitengela si wa mchezo. Ulileta vumbi la machimbo ya mawe, karatasi za nailoni na mchanga, vyote vikaingia kwenye sufuria yangu ya githeri, mahindi na maharagwe. Yeye alikaa ndani akinywa chai yake ya maziwa mengi, mlango wazi, akinitazama nikikimbizana na moshi. Nilikuwa na bustani ndogo ya sukuma wiki. Mbuzi wake waliingia wakaila, na nilipolalamika alisema mbuzi hawasomi. Ninapofikiria sasa, naona kwamba sisi wawili tulikuwa tumefanana sana. Kila mmoja wetu alikuwa na jambo moja alilolijua kikamilifu, na hakuwa tayari kujifunza la mwenzake. Lakini hilo nalisema nikiwa na nywele nyeupe. Wakati ule nilimchukia, tena kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa.

Alichokipenda Yeyo, kupita ng'ombe wake wanne, yalikuwa maua yake. Yalijaa veranda yote, kutoka mlangoni hadi kona, juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali ili mbuzi wasifike. Yalikuwa kwenye mikebe ya rangi, mikebe ya mafuta ya kupikia, sufuria zilizotoboka, beseni lenye ufa, hata kiatu kimoja cha mpira. Na yote yalikuwa ua moja, aina moja. Shina lililosimama wima kama fimbo ya mwalimu, majani membamba ya mviringo kama penseli, ya kijivu yenye madoa ya kahawia, na kwenye ncha ya kila jani vitoto vidogo vilivyojipanga, vikiwa na mizizi tayari, vikisubiri kuguswa tu ili vianguke. Pale vilipoanguka viliota. Viliota kwenye ufa wa sementi. Viliota kwenye mfereji wa paa. Wakati wa baridi mashina yalitoa maua ya rangi ya chungwa yaliyoinama kama kengele, na sitasema uongo, yalikuwa mazuri. Katika ploti ile ya udongo mweusi uliopasuka, ambapo maji yaliletwa na lori na kila ndoo ilikuwa na kazi yake, veranda ile ndiyo pekee iliyokuwa na kitu kibichi mwaka mzima.

Mimi nililijua ua lile. Chuoni tulioneshwa picha yake, na kitabu kilisema limetoka kisiwa cha mbali, kwamba likitoroka bustanini halirudi, na kwamba ng'ombe akilila, hasa likiwa na maua, moyo wake hushindwa akaanguka. Nilimwambia Yeyo hayo wiki yangu ya kwanza, nikiwa bado natafuta njia ya kumfurahisha, nikidhani maarifa ni zawadi.

"Ng'ombe yangu haikuli maua," akasema. "Inakula nyasi."

"Nyasi ikiisha, Yeyo?"

"Ikiisha tunahama. Hiyo walikufundisha?"

"Na hivi vitoto vikianguka, vikabebwa na maji—"

"Msichana, hii maua haijawahi kuniomba maji. Haijawahi kuniomba kitu. Wewe umekaa hapa siku nne, umeomba maji, umeomba makaa, umeomba chumvi. Nani mbaya kati yenu?"

Niliweka kinyongo. Mwezi wa tatu akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi, wanane hivi, wakajaa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe. Siku hiyo niliruhusiwa jikoni kwa sababu alihitaji chapati, nami nilipika chapati kama mtu anayekata rufaa. Waliimba, wakaomba, wakala. Nilikuwa nikipita na birika nilipoona mlangoni mikebe minane midogo imepangwa, kila mmoja na kijiti cha ua lile. Alikuwa anawapa zawadi ya kupeleka nyumbani. Mmoja wao alikuwa wa Isinya, mwingine wa kule chini karibu na mto, wote watu wa mifugo.

Ningeweza kumwita kando. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwita kando, na jibu ni kwamba sikutaka. Niliweka birika mezani nikasema, kwa sauti ile ya darasani, "Mama zangu, samahani. Hilo ua ni sumu. Moja huzaa elfu, na mkilipanda litawaua ng'ombe. Kwenu mkifika lichomeni."

Mwanamke wa Isinya, aliyekuwa ameshika mkebe wake mapajani, aliuweka chini polepole, akapangusa mikono kwenye leso. Mwingine akacheka kidogo, kisha akaacha. Yeyo hakunitazama. Alimalizia chai yake hadi tone la mwisho, akasema kwa Kimaa jambo fupi ambalo sikulielewa, na wote wakainuka wakaomba sala ya mwisho. Waliondoka bila mikebe. Minane yote ilibaki mlangoni, na jioni nilimwona akiirudisha verandani mmoja mmoja, akiwa amenipa mgongo. Tangu siku hiyo hakula tena chakula nilichopika. Nilimwekea, nikakikuta vilevile asubuhi, kimefunikwa vizuri kwa sahani, kana kwamba ni cha mtu aliyesafiri.

Lemayian alipokuja Ijumaa nilimweleza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake wakati mwingine ulikuwa njia ya kutokuwepo. Alikuna kichwa. "Wacha hiyo maneno ya maua, Wangari. Tafadhali. Hiyo moja tu, wacha."

"Kwa nini hiyo moja?"

"Wacha tu."

Sikuacha. Mwezi wa nne, mvua kubwa ilipoanza, Yeyo alipelekwa Entarara kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, akakaa wiki moja. Siku ya pili baada ya kuondoka kwake nilivaa gambuti na glavu, nikang'oa kila kitu. Nilifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Niling'oa yaliyokuwa mikebeni, nikang'oa yaliyoota kwenye ufa, nikapanda ngazi nikatoa yaliyokuwa kwenye mfereji wa paa, nikafagia vitoto kwa ufagio wa chelewa mpaka veranda ikawa sementi tupu. Niliimba. Huo ndio ukweli, niliimba nyimbo za shule nikifanya hivyo, na nilikuwa na furaha niliyokuwa sijawahi kuipata tangu niolewe. Nilipata magunia matano yaliyojaa pomoni.

Kitabu kilisema lichomwe. Nataka hilo liandikwe waziwazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua. Nilijua. Lakini kuni zote zilikuwa zimelowa, mafuta ya taa yalikuwa kidogo, mawingu yalikuwa yameshuka tena, na nyuma ya boma kulikuwa na korongo lililokuwa kavu karibu mwaka mzima, ila siku hizo lilikuwa linaunguruma maji ya rangi ya chai. Niliburuta magunia hadi ukingoni, nikayamwaga moja baada ya jingine. Mashina yalielea, yakazunguka, yakaenda. Nikajiambia maji yatayaozesha. Nikanawa mikono, nikajipikia chai ndani ya jiko lake, nikainywa nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Aliporudi alifika adhuhuri, kwa miguu kutoka barabara ya lami, na mfuko wa viazi begani. Alisimama mbele ya veranda. Mikebe ilikuwa imepangwa ukutani, mitupu, nimeiosha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa hata na majibu. Hakupiga kelele. Aliweka viazi chini, akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vyake akavipangusa matope kwa kidole, kimoja, halafu kingine. Alikaa pale mpaka mbuzi wakarudi wenyewe. Kisha akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake, na viazi nikavibeba mimi.

Ijumaa Lemayian alipofika hakuingia hata ndani. Aliniita nje karibu na zizi. Sijawahi kumwona na uso ule kabla wala baadaye.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa sumu. Nilikwambia ni sumu."

"Wangari, hiyo maua ililetwa na dada yangu."

Sikuwa najua kwamba alikuwa na dada. Katika boma lile jina la aliyekufa halitajwi. Yeyo alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, alifunga, alitoa zaka, lakini jambo hilo la wazee wake hakuliacha, na nyumba nzima ililishika kiasi kwamba mgeni angeweza kuishi pale miezi minne bila kujua kuna mtu aliyekosekana. Lemayian alinieleza akitazama chini, bila kumtaja. Dada huyo alikuwa akifanya kazi Embulbul, kwenye nyumba yenye bustani. Likizo yake ya mwisho alikuja na kijiti kimoja kimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa, akamwambia mama yake, hili halitakusumbua maji. Aliporudi kazini aliugua, na hakuja tena. Kijiti kile kimoja ndicho kilichozaa veranda yote. Hata hapa sitaandika jina lake. Nililijua baadaye, na nimelihifadhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia uwache."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Na ungeacha?" akaniuliza.

Yakafuata miezi ambayo siwezi kuielezea vizuri kwa sababu hapakutokea kitu. Tuliishi wanawake wawili ndani ya mabati, tukigawana choo, kamba ya nguo na tangi la maji, na hatukusema neno isipokuwa mbele ya watu. Asubuhi nilimwamkia, "Takwenya, Yeyo," kwa sababu hata adui huamkiwa, naye akajibu, "Iko," kwa sababu salamu ni deni hata kwa mtu kama mimi. Basi. Alianza kuacha mlango wa jiko wazi nipike nikitaka. Hakukuwa na msamaha ndani yake. Alikuwa amechoka kunilinda nisiingie. Nilijaribu mara moja kumwomba radhi. Nilipiga magoti kabisa, akiwa anakamua. Aliendelea kukamua hadi mwisho, akainuka, akaniruka na ndoo yake, akaenda. Nikabaki nimepiga magoti mbele ya ng'ombe.

Ukame ulikuja mapema. Kufikia mwezi wa nane nyasi ilikuwa imeisha pande zote, na wenye uwezo walianza kupeleka mifugo mbali. Jirani yetu wa chini, Mzee Parsaloi, hakuhamisha. Ardhi yake ilishuka hadi mwisho wa korongo letu, pale maji yanapotawanyika, na alisema kwake bado kuna kijani. Alhamisi moja ng'ombe wake wawili na ndama mmoja walianguka wakati mmoja. Daktari wa mifugo alitoka Kajiado, akapasua tumbo la mmoja, akatoa majani. Habari ilitufikia kabla ya jioni, kupitia mbao za jikoni, na nikiwa nimelala pale kitandani nilisikia neno la Kimaa la ng'ombe, na neno la kufa, na neno la maua. Nilishuka korongo peke yangu kesho yake nikaona. Kote ambako matope yalikuwa yametua, mamia ya maua yale, wima, yamechanua kengele za rangi ya chungwa kwenye ardhi iliyokufa. Yalikuwa mazuri zaidi kuliko verandani.

Jumamosi Mzee Parsaloi alikuja na wazee wawili. Lemayian alikuwa nyumbani. Waliketi kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe, nikawapa chai. Mzee Parsaloi alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini, mtu aliyewahi kutupatia maziwa bure ng'ombe wetu walipokauka. Hakugusa chai. Alitoa shina moja ndani ya koti lake akaliweka juu ya kitambaa cheupe, mizizi na udongo wake.

"Ngoto Lemayian. Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Yeyo akasema.

"Najua ni yako. Hakuna mtu mwingine alikuwa nayo huku. Nauliza ni nani alitupa kwa korongo."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini nilikuwa mwoga, na mdomo ukafunguka polepole, na kabla neno halijafika, Yeyo alikuwa amejibu.

"Mimi."

Lemayian aliinua kichwa. Mzee Parsaloi aliniangalia mimi, moja kwa moja, muda mrefu, halafu akamrudia yeye.

"Wewe. Maua ulikuwa unapangusa vumbi na kitambaa kama mtoto."

"Nilichoka nayo. Nikatupa."

"Mimi si mtoto, Ngoto Lemayian."

"Hata mimi si mtoto. Nimesema ni mimi. Unataka niseme mara ngapi?"

Mzee mmoja akakohoa. Hawakubishana tena. Walizungumza kwa Kimaa, kwa utulivu, nami nilishika nusu yake tu: kwamba alikuwa tayari kutoa mtamba wake mweusi, yule mchanga, wa pekee aliyekuwa karibu kupandishwa, na kwamba Mzee Parsaloi alisema inatosha kwa sababu ya ujirani. Hakungoja kesho. Alimtoa zizini mwenyewe, akamswaga mbele yake kwa kijiti, wazee wakimfuata nyuma, na mimi nikiwa mlangoni nikiwa nimekumbatia birika.

Aliporudi nilikuwa jikoni nikimngoja. "Yeyo," nikasema, "asante. Sijui niseme—"

"Usiniambie asante." Hakuwa amepaza sauti. "Sikufanya juu yako. Aibu ya hii boma ni yangu, haibebwi na msichana amekuja jana." Alijimwagia maji ya kunywa, akayanywa yote. "Ule mtamba ulikuwa wako. Bibi akiingia boma anapewa ng'ombe. Mimi nilikuwa nangojea nione wewe ni mtu wa kukaa ama ni mtu wa kupita. Sasa umeila kabla hujapewa."

Akaweka kikombe chini, akatoka. Nimeambiwa maneno mengi makali maishani, mengine na watu walionipenda. Hakuna lililowahi kukaa mwilini mwangu kama hilo.

Jumatatu asubuhi nilichukua magunia matano yale yale, gambuti na glavu, nikashuka korongoni. Sikumwambia mtu. Saa moja baadaye nilisikia mawe yakiporomoka nyuma yangu. Alikuwa yeye, na shuka lake jekundu na gunia lake, mikono bila glavu. Nilimvulia glavu zangu nikampa. Alizitazama, akachukua moja, akaniachia nyingine. Tulifanya kazi hivyo, kila mmoja na mkono mmoja uliofunikwa, bila kuzungumza, siku hiyo na siku zilizofuata, majuma kwa majuma. Mashina yalikuwa rahisi. Vitoto ndivyo vilivyotuua mgongo, vidogo kama punje za mchele, vimejificha chini ya mawe na ndani ya kinyesi kikavu cha ng'ombe. Tuliokota kimoja kimoja. Jioni tulichoma tulivyookota karibu na lango, na majani yale yenye maji yalilia ndani ya moto kabla ya kushika.

Ilikuwa mwezi wa kumi nilipomwona amesimama. Alikuwa chini ya ukingo, ameshika shina moja nene, la zamani, ambalo bila shaka lilikuwa mojawapo ya yale ya verandani; bado lilikuwa na udongo wa rangi tofauti kwenye mizizi. Alikuwa analigeuzageuza. Nilijua alichokuwa anashika. Nikasema, nami hata leo sijui kama ulikuwa wema au uoga, "Yeyo, hilo moja unaweza kuliweka. Kwenye mkebe, juu kabisa. Mimi nitaliangalia. Nitakuwa nakata vitoto kila wiki."

Aligeuka akanitazama kwa dharau ile ile ya siku ya kibuyu.

"Ulisema moja inazaa elfu."

"Nilisema, lakini—"

"Ulisema mbele ya wamama wa kanisa. Ulisema na mdomo kubwa. Sasa unanidanganya kwa sababu unanihurumia?" Akalivunja shina vipande vitatu juu ya goti lake, akavitia kwenye gunia. "Mimi sitaki huruma yako. Ile wakati ulikuwa unanitusi, ulikuwa unasema ukweli. Endelea hivyo."

Mwezi wa kumi na moja nilipata barua ya kazi niliyokuwa nimeomba. Walinihitaji Entarara, kazi ya kuwafundisha wakulima, nyumba ikiwemo, kuanzia Januari. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikaikunja, nikaificha chini ya godoro. Nilikuwa nimengojea barua ile mwaka mzima. Nilipanga kumwambia Lemayian Ijumaa, na nilijua hatanizuia. Nilihesabu mpaka nguo nitakazobeba.

Mvua ndogo ikanyesha Jumatano. Alhamisi tulishuka, na korongo tulilolisafisha kwa miezi miwili lilikuwa limetoa upele mwingine, kijivu, vidogo vidogo, kila mahali, kana kwamba hatukuwahi kufika pale. Niliketi kwenye jiwe nikalia. Yeyo alibaki amesimama, mikono kiunoni, maji yakipita kwenye viatu vyake, akitazama juu hadi chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaniuliza jambo asilolijua.

"Huko shule yenu. Walisema hii kitu inakufa aje?"

"Kwa moto," nikasema. "Na kurudi."

"Kurudi mara ngapi?"

"Kila mvua ikinyesha, Yeyo. Mtu arudi aokote kila mvua. Miaka."

"Miaka ngapi?"

"Hawakusema. Mingi."

Aliinama akaokota kitoto kimoja, akakifuta matope kwa kidole gumba, akakiangalia kwa karibu, kama mtu anayetafuta sura.

"Basi utakaa," akasema. "Leta gunia."